Mikopo ya Simu na Siri Zetu: Sheria Inasema Nini?



Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema mgeni afukuzwe. Walisema apokewe vizuri, alishwe, kisha aingie katika utaratibu wa nyumba kama watu wengine.

Simu ya mkononi ni mgeni wa namna hiyo. Ilipofika huku kwetu Chala tuliipokea kwa furaha, na ilistahili. Leo mkulima anauliza bei ya ndizi kule soko la Taveta kabla hajakata mkungu. Mzazi anapokea pesa za karo kutoka kwa mtoto aliye Mombasa bila mtu kupanda gari. Lakini mgeni huyu amekaa siku nyingi kuliko tatu, na kuna mambo anayofanya ambayo tusingemruhusu hata mtoto wetu wa kuzaa ayafanye ndani ya nyumba.

Katika toleo hili tuzungumze juu ya mikopo ya simu, na hasa namna madeni hayo yanavyodaiwa. Sisi wahudumu wa jamii tunakutana na habari hizi kila mara. Mtu amekopa elfu mbili, amechelewa kulipa, na kabla jua halijatua mwenyekiti wa chama chake, mwalimu wa mtoto wake na hata mama mkwe wamepigiwa simu na kuambiwa ati huyu ni mwizi. Mtu huyo haendi tena kwenye mkutano wa kikundi. Wengine hubadilisha laini, wengine huhama. Deni la pesa kidogo limekuwa deni la heshima, na heshima hailipwi kwa M-Pesa.

Wengi wanadhani hakuna la kufanya. Wanasema, "Si nilikubali mwenyewe?" Hapana. Sheria ipo, tena si moja. Shida ni kwamba sheria haijui njia ya kuja nyumbani kwako mpaka uiite, na mtu haiti asichokijua. Basi wacha tuijue.

JINSI MAMBO YALIVYOANZA

Mwezi wa Machi mwaka 2007 kampuni ya Safaricom ilianzisha M-Pesa. Kabla ya hapo, mtu wa kijijini kumtumia mwenzake pesa ilikuwa ni kumpa dereva au kondakta na kuomba Mungu. Mwezi wa Novemba 2012 ikaja M-Shwari, ambayo ilikuwa na benki nyuma yake, na watu wakaanza kuweka akiba na kukopa kwa simu. Baada ya hapo yakafuata makampuni mengi yenye kukopesha kwa programu za simu. Mengi ya haya hayakuwa benki wala SACCO. Yalikuwa ni makampuni yenye pesa zao na ofisi zao, basi.

Sasa tujiulize. Benki ikikukopesha inataka dhamana: hati ya shamba, logi buku ya gari au barua ya mshahara. Chama kikikukopesha kinataka wadhamini wawili wanaokujua. Hizi programu hazikutaka hati wala mdhamini, na pesa zilifika kwa dakika chache. Je, zilikuwa na imani kubwa hivyo na sisi?

La. Zilichukua dhamana nyingine. Unapoweka programu, simu inakuuliza: iruhusu isome majina na namba ulizohifadhi? Iruhusu isome ujumbe wako? Mtu ana haraka, mtoto ana homa, dawa zinataka pesa. Anabonyeza "kubali, kubali, kubali". Hapo ndipo dhamana ilipotolewa. Kwa kusoma ujumbe wa M-Pesa, kampuni inajua unapokea kiasi gani na unatumia kiasi gani. Kwa kuchukua majina, inajua nani atakuonea aibu. Kumbe kitu ulichoweka rehani ni jina lako mbele ya watu wako.

Na riba je? Tufanye hesabu ya kawaida. Umekopa shilingi 2,000 na unatakiwa kurudisha 2,300 baada ya mwezi mmoja. Ile 300 inaonekana ndogo. Lakini ni 15 kwa mia kwa mwezi mmoja. Ukiendelea hivyo mwaka mzima, kukopa na kurudisha, umelipa 3,600 kwa ajili ya kutumia 2,000. Hiyo ni 180 kwa mia kwa mwaka. Mkulima anayengoja mahindi yakauke, au ambaye ndovu wa Tsavo wamepita shambani kabla yake, hawezi kwenda na mwendo huo.

PENGO LILILOKUWA KATIKA SHERIA

Mtu atauliza, serikali ilikuwa wapi? Jibu ni hili. Sheria zetu za fedha zilitungwa kwa ajili ya wale wanaopokea amana za watu, yaani akiba. Benki ikianguka, wananchi wanapoteza pesa zao, kwa hiyo Benki Kuu ya Kenya ilipewa nguvu ya kuzisimamia. Aliyekopesha pesa zake mwenyewe bila kupokea akiba ya mtu hakuhitaji leseni ya Benki Kuu. Wakati sheria hizo zinaandikwa, hakuna aliyefikiri kwamba mtu mmoja mwenye ofisi Nairobi, au hata nje ya nchi, angeweza kukopesha watu laki moja kwa siku na kuwadai kwa kuwapigia jamaa zao.

Hivi ndivyo inavyokuwa kila mara na mambo ya ufundi mpya. Chombo kinatangulia, faida inaonekana haraka, madhara yanafuata polepole, na sheria inafika mwisho ikihema. Lakini ikifika, inaweza kufanya kazi. Tuone ilivyofika.

Aprili 2020, Benki Kuu iliwazuia wakopeshaji wa simu wasio na leseni kupeleka majina ya watu kwenye mashirika ya kumbukumbu za mikopo, yale tunayoyaita CRB. Kabla ya hapo mtu aliweza kuwekwa kwenye orodha mbaya kwa shilingi mia mbili, na akakosa mkopo wa benki miaka ikipita.

Desemba 2021, Bunge likiwa limekwisha kupitisha mabadiliko ya Sheria ya Benki Kuu, Rais alitia sahihi. Kuanzia hapo mkopeshaji wa simu hawezi kufanya biashara bila leseni ya Benki Kuu.

Machi 2022 zikatoka kanuni zenyewe, zenye kueleza mkopeshaji afanye nini na asifanye nini. Waliokuwa kazini walipewa miezi sita waombe leseni. Ilipofika Septemba mwaka huo, walioomba walikuwa 288, na waliopewa ni 10 tu. Hesabu hiyo peke yake inaonyesha kwamba kupewa leseni si jambo la kupiga muhuri tu. Kufikia Oktoba 2024 wenye leseni walikuwa 85, na wengine wameongezwa baadaye.

Desemba 2024 sheria ilipanuliwa tena, ili ishike pia wakopeshaji wengine wasiopokea akiba, wakiwemo wale wenye mpango wa nunua sasa, ulipe baadaye.

MKOPESHAJI ANAKATAZWA NINI?

Kanuni za 2022 ni ndefu. Nimechagua yale yanayomgusa mtu wa kawaida.

1. Haruhusiwi kutumia vitisho, nguvu au matusi katika kudai deni.

2. Haruhusiwi kuchukua majina yaliyo katika simu yako na kuwapigia au kuwaandikia watu hao kwa sababu umeshindwa kulipa.

3. Haruhusiwi kukuaibisha kwa kutangaza jina lako, picha yako au deni lako mbele ya watu.

4. Ni lazima akueleze masharti ya mkopo kabla hujauchukua: riba ni ngapi, ada ni zipi, utalipa lini, na ukichelewa itakuwaje.

5. Haruhusiwi kupeleka jina lako CRB kwa deni lisilozidi shilingi 1,000.

6. Deni haliwezi kukua bila mwisho. Mkopo ukishaharibika, riba inayodaiwa kuanzia hapo haiwezi kuzidi deni kuu lililobaki siku hiyo. Tuseme ulibaki na deni kuu la 3,000. Riba itakayoongezwa haiwezi kupita 3,000 nyingine. Basi haiwezekani uambiwe kwamba 3,000 imekuwa 15,000 kwa riba peke yake. Gharama halali za kudai zinaweza kuongezwa juu, lakini nazo ziwe ni gharama kweli.

Tafadhali soma namba sita mara mbili. Watu wengi wanalipa kwa hofu kiasi ambacho sheria haiwadai.

SHERIA YA PILI: HABARI ZAKO NI ZAKO

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 31, inasema kila mtu ana haki ya faragha. Maana yake ni kwamba mambo ya nyumba yako na mawasiliano yako si uwanja wa kila mtu. Lakini katiba ni kama mlingoti wa nyumba. Unahitaji kuta na paa ndipo mtu akae ndani. Kuta zilijengwa Novemba 2019 kwa Sheria ya Ulinzi wa Data, na Novemba 2020 Kamishna wa kwanza, Bi. Immaculate Kassait, aliapishwa.

Neno "data" lisitutishe. Ni habari yoyote inayoweza kumtambulisha mtu: jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, picha, alama za vidole, hali ya afya, mapato, mahali unapoishi. Sheria inakupa haki hizi:

- kuambiwa habari zako zinatakiwa za nini;
- kuonyeshwa habari zako zilizo mikononi mwa kampuni au ofisi;
- kukataa zisitumike kwa jambo fulani;
- kutaka zirekebishwe kama zina makosa;
- kutaka zifutwe kama ni za uongo, au zilipatikana kinyume cha sheria, au hazihitajiki tena.

Hapa kuna jambo ambalo watu hawalioni. Uliyekopa si wewe peke yako mwenye haki. Yule jirani aliyepigiwa simu akatukanwa kwa sababu ya deni lako, naye ana haki yake. Yeye hakukopa, hakutia sahihi, hakumpa mtu yeyote namba yake. Kwa hiyo hata kama wewe ulibonyeza "kubali", hukuweza kukubali kwa niaba yake. Yeye mwenyewe anaweza kupeleka malalamiko. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukipigiwa simu ya namna hiyo, usimgeukie jirani yako kwa hasira. Aliyekukosea ni yule aliyekupigia.

Je, sheria hii ina meno? Ndiyo. Kamishna anaweza kutoza faini hadi shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya kampuni ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Aliyeumizwa anaweza pia kupewa fidia. Septemba 2023 ofisi hiyo ilitangaza faini ya shilingi 2,975,000 dhidi ya kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za mikopo za KeCredit na Faircash. Kosa lilikuwa ni kutumia majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine ili kutuma ujumbe wa vitisho na kupiga simu. Yaani ni kile kile kinachotusumbua huku.

SI MIKOPO PEKE YAKE

Siku hiyo hiyo ya Septemba 2023, Kamishna alitangaza faini nyingine mbili. Shule ya Roma, iliyoko Uthiru, ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Klabu ya Casa Vera ya Nairobi ilitozwa 1,850,000 kwa kutangaza picha ya mteja bila idhini yake.

Mwaka huo huo wa 2023 watu walipanga foleni kwenye jumba la KICC Nairobi ili mboni za macho yao zipigwe picha na mashine ya Worldcoin. Kila mmoja aliahidiwa sarafu za kompyuta zenye thamani ya shilingi elfu saba hivi. Mwanzoni mwa Agosti serikali ilisimamisha kazi hiyo. Katiba Institute na wenzake walikwenda mahakamani, na tarehe 5 Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru habari hizo za mwili zifutwe katika siku saba, chini ya usimamizi wa Kamishna. Mahakama haikukubali kwamba mtu aliyevutwa kwa pesa ametoa ruhusa iliyo huru. Namba ya simu ikitoka mikononi mwako, unaweza kununua laini nyingine. Jicho hununui lingine.

Na serikali yenyewe je? Nayo iko chini ya sheria. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilisema kwamba kutolewa kwa kadi za Huduma Namba hakukuwa halali, kwa sababu serikali haikuchunguza kwanza ni hatari gani zingeweza kuwapata wananchi kutokana na habari zao kukusanywa mahali pamoja, kama Sheria ya Data inavyotaka. Kwa hiyo sheria hii haikutungwa kwa ajili ya makampuni ya mikopo tu. Inamshika kila anayekusanya habari za watu.

SHERIA NAYO IANGALIWE

Tusije tukafikiri kwamba kila sheria juu ya vyombo vipya ni nzuri. Jembe linaweza kulima na linaweza kukata mguu. Zamani kulikuwa na kifungu cha 29 katika Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya. Kilisema ni kosa kutuma ujumbe wa kuudhi au wa kutisha kwa chombo cha mawasiliano. Ukisikia hivyo unaona ni vizuri. Lakini "kuudhi" ni nini? Mwananchi akilalamika juu ya barabara mbovu, kiongozi anaudhika. Watu walishtakiwa kwa kuandika tu. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikifuta kifungu hicho, kwa kuwa maneno yake yalikuwa mapana mno na yalibana uhuru wa kusema.

Tofauti iko wapi? Kanuni za mikopo zinataja kitendo chenyewe: usipige simu kwa jamaa zake, usitumie matusi, usipitishe riba hapa. Mkopeshaji anajua mpaka uko wapi, na mkopaji anajua pia. Kifungu cha 29 hakikutaja mpaka. Kilimwachia mkubwa aamue ni nini kinamuudhi. Kwa hiyo tukiitwa kwenye baraza kutoa maoni juu ya sheria mpya, swali la kuuliza ni hili: je, sheria hii inakataza kitendo gani hasa, na inamlinda nani?

SISI TULIO MPAKANI

Huku Chala ziwa lenyewe limegawanywa na mpaka, na wengi wetu tuna jamaa upande wa Rombo. Wako wenye laini mbili, ya Kenya na ya Tanzania. Ni vizuri kujua kwamba Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania iliwatahadharisha wananchi kwa kutoa orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni.

Basi ukikopa, jua umekopa upande upi. Leseni ya Kenya haimruhusu mtu kukopesha kule, na ya kule haimruhusu kukopesha hapa. Mkopeshaji asiye na leseni upande wowote ndiye hatari zaidi, maana hana cha kunyang'anywa.

UKIKUTWA NA SHIDA, FANYA HIVI

Kwanza, kabla ya kukopa, tazama kama kampuni ina leseni. Benki Kuu inatangaza orodha yake kwenye mtandao. Kama huna simu ya intaneti, mwombe kijana wako au mtu wa saiba akutazamie. Ni kazi ya dakika tano. Jua pia kwamba tangu Mei 2023 Google imezikataza programu za mikopo zilizo katika duka lake kusoma majina na picha za mteja. Kwa hiyo programu unayoletewa kwa kiungo cha WhatsApp, na inayodai isome majina yako, iogope.

Pili, usifute ujumbe wa matusi. Najua inauma kuuweka, lakini huo ndio ushahidi. Andika katika daftari tarehe, saa, namba iliyopiga na maneno yaliyosemwa. Mwombe jirani aliyepigiwa naye aweke ujumbe wake.

Tatu, mwandikie mkopeshaji. Sema wazi: deni nalijua, nitalipa hivi na hivi, lakini acheni kuwapigia watu wengine, na futeni namba zao. Weka nakala.

Nne, wakiendelea, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria inasema malalamiko yanaweza kuandikwa au kusemwa kwa mdomo, na yakisemwa kwa mdomo ofisi inapaswa kuyaandika. Kwa hiyo asiyejua kuandika asijizuie. Ofisi inatakiwa kumaliza uchunguzi katika siku 90. Asiyeridhika na uamuzi anaweza kukata rufani Mahakama Kuu. Kama shida ni riba, ada au leseni, lalamika kwa Benki Kuu.

Tano, kama umetishiwa kupigwa au kuuawa, hilo si jambo la data tena. Nenda kituo cha polisi, andikisha ripoti, na uchukue namba ya OB.

Sita, uliza jina lako liko vipi CRB. Una haki ya kupata ripoti moja ya bure kila mwaka. Na kwenye laini ya Safaricom bonyeza *106# uone ni namba ngapi zimeandikishwa kwa kitambulisho chako. Ukiona namba usiyoijua, iripoti upesi, maana mtu anaweza kukopa kwa jina lako.

Nataka nieleweke vizuri. Sheria hizi hazifuti deni. Aliyekopa na alipe, na asiyeweza kulipa mara moja azungumze na aliyemkopesha. Sheria inachosema ni kwamba kudaiwa hakumfanyi mtu kuwa si mtu.

NA SISI WENYEWE JE?

Tukishamaliza kuwanyooshea wengine kidole, tutazame daftari zetu. Chama kina orodha ya wanachama na namba zao za vitambulisho. Kikundi cha wagonjwa kina majina ambayo hayapaswi kuonekana. Shule ya chekechea ina picha za watoto. Haya yote ni data. Kikundi kidogo kinaweza kusamehewa kujiandikisha kwa Kamishna, lakini hakijasamehewa kutunza siri za watu.

Kwa hiyo katibu asiache daftari mezani kila mtu akalifunua. Mweka hazina asiandike kwenye WhatsApp ya kikundi majina ya waliochelewa kulipa. Hilo ni lile lile tunalowalaumu makampuni. Picha ya mtoto isiwekwe hadharani bila mzazi kukubali. Ukikusanya habari za watu, waambie ni za nini, usikusanye zaidi ya unazohitaji, na kazi ikiisha ziharibu.

La mwisho ni hili. Sababu kubwa ya watu kukimbilia mikopo ya simu ni kwamba shida huja usiku, na chama hukutana mara moja kwa mwezi. Kikundi chochote kinaweza kutenga pesa kidogo za dharura, ambazo watu watatu wanaweza kuidhinisha siku hiyo hiyo kwa riba ndogo. Sheria itamzuia mdai mbaya, lakini haitanunua dawa ya mtoto saa nne za usiku. Hilo ni la jirani.

Tunaomba makala haya yasomwe kwa sauti katika mikutano ya vikundi na jumuiya ndogo ndogo, hasa ile sehemu ya mambo sita. Mwenye simu amsomee asiye na simu. Na aliye na ujumbe wa vitisho asikae nao peke yake. Aulete kwa katibu wa kikundi au kwa mhudumu wa jamii aliye karibu naye, tusaidiane kuandika malalamiko.